Mume wa Fundi, Mtaa wa Chini

"Cherehani? Hapana, mama. Humu ndani haturuhusu biashara."

"Sijasema biashara, kaka. Nimesema cherehani."

"Wateja si watakuja?"

"Sasa niwashonee majini? Watakuja, ndiyo."

"Basi hiyo ndiyo biashara."

Mlinzi alisema kwa adabu zote, lakini geti lilikuwa geti. Mhandisi akacheka kile kicheko cha kuomba radhi, akamshika mkewe kiwiko na kumsogeza kwenye kivuli cha ukuta. Huyu Mhandisi kazi yake ni madaraja. Kampuni ilimleta katika nchi hii ya watu kwa mkataba, mkewe na binti yao wakamfuata. Mke naye, tangu usichana hakuna aliyemwita jina lake. Aliitwa Fundi, na alipoitwa hivyo aliitika shingo ikiwa imenyooka. Walikuwa bado wanakaa hotelini. Kampuni ilitaka jibu kabla ya Ijumaa: wachukue nyumba hii ya mlimani, wanakoishi wageni wenzao, au wajitafutie wenyewe.

"Umeiona bustani?" Mhandisi alinong'ona. "Umeliona bwawa la kuogelea? Humu utapumzika, mke wangu."

"Nimechoka na nini?"

"Fundi, jamani..."

"Nakuuliza kwa wema. Nimechoka na nini? Au nimezeeka bila kuambiwa?"

Binti yao, waliyemzoea kwa jina la Kitufe, alikuwa amekaa kwenye bembea peke yake. Bembea zote zilikuwa zinang'aa kama hazijawahi kukaliwa na mtoto.

"Mama, watoto wako wapi?"

Fundi akamshusha kwenye bembea, wakarudi garini.

Humo ugomvi ukawaka.

"Nilimwahidi baba yako," Mhandisi alisema. "Mbele ya wajomba zako wote nilisema, binti yenu hatatoka jasho kwangu."

"Baba yangu ndiye aliyenipa cherehani. Ulivyosema vile alinyamaza tu, kwa heshima ya ugeni wako."

"Na watu watasemaje? Mhandisi mzima nikae mtaa wa chini, juu ya kibanda cha mchonga funguo?"

"Kumbe umeuona huo mtaa."

"Nilipita."

"Ulipita na gari, vioo umefunga. Mimi nilikaa kwenye ngazi zake na mtoto. Jua halijanifikia miguuni nimeshaulizwa natoka wapi, mtoto anaitwa nani, na gauni nililovaa nimenunua wapi. Nikasema nimelishona mwenyewe. Mama mmoja akanigeuza kama chapati ili aone mshono wa mgongoni. Baba Kitufe, mimi mahali pa kuishi napachagua hivyo. Sipachagui kwa bwawa."

Jioni ile ile wifi yake akapiga simu kutoka nyumbani.

"Wifi, nasikia unataka kumteremsha kaka yangu mlimani."

"Wifi, hata hajapanda."

"Watu wanakwenda ng'ambo kula maisha, wewe unakwenda kukata vitambaa!"

"Zile nguo zangu nilizokuachia, unazivaa?"

"Nazivaa, zimenikaa..."

"Niliziacha ili sandukuni kipate nafasi kichwa cha cherehani. Unadhani nilikibeba kiwe pambo la sebuleni?"

Wifi akakohoa, akasema chaji inamwishia.

Ijumaa mchana Mhandisi akiwa darajani, kofia ngumu kichwani, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa mkewe:

"Nimevipata vile vyumba viwili vya mtaa wa chini, juu ya mchonga funguo. Dirisha kubwa linatazama barabara. Leo nahamia na mtoto. Sijakuacha, elewa hilo. Upande wako wa kitanda ni ule wa ukutani, kama siku zote."

Akajibu kwa hasira: "Mimi nimeshakubali mlimani. Sihami."

"Sawa, baba Kitufe. Mto wako nimeuchukua lakini."

Basi, wakaishi nchi moja ya kigeni kama watu wa nchi mbili. Mlimani Mhandisi alikula mkate mkavu kwenye meza ya watu wanane. Jirani alimpungia mkono kila asubuhi akimwita Kumi na Nne, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa namba ya nyumba yake. Jioni alimpigia binti yake.

"Baba, leo nimecheza mpaka nimesahau majina yao!"

"Mama yupo?"

"Yupo. Anashona. Anaimba."

Anaimba! Hilo lilimchoma kuliko matusi.

Jumamosi ya wiki iliyofuata akaondoka na gari la kampuni, amepania. Angemchukua mtoto akae naye mlimani, na mke angefuata mwenyewe, mguu mosi mguu pili. Gari likakwama mwanzo wa mtaa kwa ufinyu wa njia. Dereva akabaki, yeye akashuka akaenda moja kwa moja kwa mchonga funguo.

"Samahani, mzee. Namtafuta mama mmoja mgeni, ana mtoto wa kike..."

"Fundi?"

"Huyo huyo."

"Umeleta nguo?"

"Mimi ni mume wake."

Mzee akazima mashine yake. "Wee! Muuza mboga, njoo haraka! Shemeji amepatikana!"

Muuza mboga akaja anajifuta mikono, akamkagua kuanzia viatu. "Huyu? Mbona mzima? Sisi tulijua anaumwa, ndiyo maana haonekani!"

"Nilikuwa na kazi, mama..."

"Kazi gani inamkataza mtu kulala kwake?"

Kicheko kikaruka kibanda hadi kibanda. Mhandisi akataka kukasirika, akashindwa. Tangu afike nchi ile hakuna mtu aliyekuwa amemtania.

"Haya panda, shemeji," mzee akasema. "Ngazi ya pili imeoza, iruke."

Juu mlango ulikuwa wazi. Msichana mmoja alisimama juu ya stuli ndani ya gauni jeupe la harusi, na Fundi alikuwa amepiga magoti chini yake, anapima upindo, pini zimejaa midomoni. Alipomwona mumewe, macho yalimruka. Lakini upindo ukishaanza kuwekewa pini hauachwi katikati, gauni litakwenda upande. Akainua kiganja: subiri.

"Nimemfuata Kitufe," Mhandisi akasema.

Fundi akaelekeza kichwa dirishani. Kitufe alikuwa barabarani, anakimbizana na wenzake.

"Basi tuzungumze."

Fundi akaonyesha mdomo wake.

"Hawezi kuongea," bibi harusi akasema kutoka juu. Alikuwa muuguzi, mgeni kama wao, wa kutoka nchi moja nao. "Na mimi siwezi kushuka. Wewe sema tu, shemeji. Naolewa wiki ijayo, acha na mimi nijifunze."

Mhandisi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Mke angejibu, naye angepandisha sauti. Sasa mke hajibu, hasira ikakosa pa kuegemea.

"Nilitaka uishi vizuri," akasema.

Pini moja ikaingia kitambaani.

"Niliogopa watasema nimeshindwa kukutunza."

Pini nyingine.

"Kule juu naitwa Kumi na Nne. Nimejenga madaraja mangapi, na jirani hajui hata kama nina mke. Hapa sijafika hata ngazini nimeshakuwa shemeji."

"Endelea," muuguzi akasema. "Bado upande wa nyuma."

"Nimelisikia jina lako kwa mtu asiyenijua, Fundi. Alivyolitaja... kichwa kimenivimba. Kama vile nimeshona mimi."

Fundi akachomeka pini ya mwisho. Akakaa juu ya visigino, akamtazama.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Maji ya moto hapa yanakatika. Mashine ya yule mzee inaanza alfajiri, unaisikia kwenye meno. Na wateja watakukuta na kaptula."

"Nitavaa suruali."

"Sitanii. Sitaki mtu wa kunihurumia. Sitaki Jumatatu mtu aone haya kuteremka ngazi hizi na koti lake la kazi. Mimi nimepachagua hapa, na ninapaonea fahari. Ukikaa, na wewe uone fahari. Huwezi, mlima uko pale pale, na nitakupenda ukiwa huko huko."

"Nilikuja kumchukua mtoto," Mhandisi akasema, sauti imepasuka. "Naomba nichukuliwe mimi."

Muuguzi akajipepea macho kwa kiganja. Fundi akainama kidogo ili asionekane anavyotabasamu na kulia kwa pamoja.

"Basi nawa mikono," akasema, "uje ushike mkia wa gauni. Mweupe huo, usiuburuze."

Akanawa. Akaushika kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kichanga. Mara dereva akaita kutoka chini ya dirisha, amechoka kungoja.

"Mhandisi! Turudi mlimani?"

Mashine ya funguo ikanyamaza. Muuza mboga akasimamisha mizani.

"Wewe rudi!" Mhandisi akajibu, kichwa nje ya dirisha. "Jumatatu nifuateni huku!"

"Jumatatu ni zamu ya mwenzangu, hapajui! Nimwambie aje wapi?"

"Akifika mwanzo wa mtaa aulize kwa Fundi!"

"Fundi gani?"

Mhandisi akavuta pumzi, mkia wa gauni bado mikononi, akalitoa jibu kwa sauti ya kufika mtaa wa tatu:

"Fundi mke wangu!"