Mpira wa Siku ya Plamu

Kuna jambo moja sijalijua mpaka leo.

Nimeuliza huku. Nimeuliza kule. Nimezeeka nikiuliza.

Nani aliurudisha mpira?

Sogea karibu, mjukuu wangu. Jifunike vizuri. Nitakusimulia, labda utajua wewe.

Nilikuwa na miaka sita. Jina langu lilikuwa hili hili, Mwantumu. Nywele zangu zilikuwa nyeusi, na miguu yangu ilikuwa na mbio.

Tuliishi hapa hapa Kwemvumo, juu ya milima ya Usambara. Nyumba zilikuwa chache. Zilikaa mteremkoni, moja juu ya nyingine, kama mbuzi waliolala.

Kila kitu kilikuwa na mteremko. Barabara ilikuwa na mteremko. Soko lilikuwa na mteremko. Hata uwanja wa mpira!

Ukiangusha kiazi, kinaondoka. Ukiangusha plamu, inaondoka.

Bingiri, bingiri, bingiri!
Kwetu mlimani, cha mviringo hakikai.

Mwisho wa kiangazi, kabla mvua za masika hazijaja, plamu huiva zote kwa pamoja. Zinakuwa nyekundu. Zinakuwa laini. Ukipita chini ya mti, unasikia harufu yake mpaka kooni.

Hapo ndipo ilipokuja Siku ya Plamu.

Watu wote walikuja uwanjani. Matarumbeta yalilia: paa, paa, pararaa! Matenga kumi na mawili ya plamu yalipangwa chini ya mti wa mgrevilia.

Lakini hakuna aliyekula. Hata moja!

Kwanza lazima mechi ichezwe. Nyumba za Juu zinacheza na Nyumba za Chini. Mechi ikiisha, walioshinda wanawagawia plamu walioshindwa. Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani.

Goli la upande wa juu lilikuwa na ukuta wa shule nyuma yake. Mpira ukiingia, unagonga ukuta na kurudi.

Goli la upande wa chini halikuwa na kitu nyuma yake. Halikuwa na ukuta. Halikuwa na wavu. Nyuma yake kulikuwa na njia, na njia inateremka, inateremka, inateremka mpaka mtoni.

Kwa hiyo watoto wawili walisimama pale na kanga moja. Kanga ndiyo wavu.

Na si watoto wowote tu. Ni wale waliong'oka jino mwaka ule.

Mwaka ule nilikuwa nimeng'oka jino. Hili hapa, la mbele. Na rafiki yangu Hoza alikuwa ameng'oka mawili.

"Mimi nimekuzidi," alisema Hoza. "Mimi ndiye mkubwa wa kanga."

"Kanga ni ya mama yangu," nilisema. "Kwa hiyo mkubwa ni mimi."

Kanga ya Mama ilikuwa nyekundu yenye maua meupe. Mama alikuwa ameishika yeye mwenyewe alipokuwa mdogo.

Mama aliniinamia. "Mkono huu, ncha ya juu. Mkono huu, ncha ya chini. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Shika, Mwantumu, shika. Usiachie."

Nikashika. Vidole vikauma. Nikashika hivyo hivyo.

Mwamuzi alikuwa Bi Nyange, muuza mboga. Magoti yake yalikuwa yanamsumbua, kwa hiyo aliamua mechi akiwa amekaa kwenye kigoda. Hakuna aliyethubutu kubishana naye.

Akapuliza filimbi. Piii!

Watu wakakimbia. Wa Juu walikimbia haraka, kwa sababu walikuwa wanateremka. Wa Chini walikimbia polepole, kwa sababu walikuwa wanapanda. Kipindi cha pili wangebadilishana.

Mjomba wangu Shekigenda alichezea Nyumba za Juu. Mjomba alikuwa hajafunga goli hata moja tangu azaliwe.

"Shekigenda!" watu walimtania. "Goli liko kule! Umesahau miwani?"

"Tulieni!" alijibu Mjomba. "Leo mtaniona!"

Akarusha mguu kuupiga mpira. Akaukosa. Ukamgonga goti, ukaruka, ukaingia golini.

Goli!

Watu waliruka. Matarumbeta yalilia. Mjomba alivua kofia akaitupa juu.

Nami nilifurahi. Nilifurahi kupita kiasi. Nikapiga makofi.

Pa! Pa! Pa!

Lakini makofi yanataka mikono miwili.

Kanga ikaanguka.

Mpira ukapita juu ya maua meupe, taratibu, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Kisha ukaikuta njia.

Bingiri, bingiri, bingiri!
Kwetu mlimani, cha mviringo hakikai.

"Mpira!" alipiga kelele Hoza.

Kijiji kizima kilikuwa na mpira mmoja tu. Ulikuwa wa ngozi. Fundi Kaoneka, mshona viatu, alikuwa ameushona na kuushona tena kwa uzi wake mweusi.

Hakuna mpira, hakuna mechi. Hakuna mechi, hakuna plamu.

Bi Nyange aliinuka kwenye kigoda.

Hakunigombeza. Aliyatazama tu matenga. Akabonyeza plamu moja kwa kidole.

"Zimelainika," alisema. "Zinaweza kungoja mpaka kesho. Keshokutwa zitakuwa zimeoza."

Laiti angenigombeza! Machozi yalinijaa. Nikaiacha kanga pale pale chini, nikakimbia kuufuata mpira. Hoza akanifuata. Mama na Mjomba wakafuata nyuma yetu.

Tukamkuta Mama Sempoli mlangoni kwake, akikaanga maandazi.

"Shikamoo, Mama Sempoli! Mpira umepita hapa?"

"Marahaba! Umepita! Umeruka juu ya karai langu, chwaa! Ukaenda zake."

Tukateremka.

Tukamkuta Mzee Mbelwa na mbuzi wake saba.

"Shikamoo, Mzee! Mpira umepita hapa?"

"Marahaba, wanangu. Umepita katikati ya mbuzi. Mee! huku, mee! kule. Ukaenda zake."

Tukateremka tena.

Jua likashuka. Ukungu ukapanda kutoka bondeni. Ukafunika miguu yetu. Ukafunika magoti. Tukafika kwenye mashamba ya kabichi, tusione vizuri.

"Nimeupata!" alisema Hoza. "Nimeupata, nimeukumbatia!"

Tukakimbia. Hoza alikuwa amekumbatia kabichi.

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Hoza alicheka. Mama alicheka. Mimi sikuweza kucheka.

Tukafika mtoni. Maji yalisema shwaa, shwaa. Tulitazama kwenye mawe. Tulitazama kwenye majani. Mpira haukuwepo.

"Turudi," alisema Mama. "Ukungu umekuwa mzito."

Alinibeba mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa. Njia nzima nilikuwa nasikia moyo wake.

"Mama," nilisema, "mimi ndiye niliyeimaliza Siku ya Plamu?"

Mama alipanda hatua tatu. Alipanda hatua nne.

"Mimi nilipoishika ile kanga," alisema, "nilipiga chafya, nikaiachia. Mpira ulinigonga pua, ukaangukia kwenye kanga. Ningekuwa nimesimama pembeni kidogo tu, ungepita."

"Kumbe ulikuwa na bahati tu?"

"Bahati tu, mwanangu."

Usiku ule nililala kidogo. Alfajiri nikakumbuka jambo.

Kanga!

Nilikuwa nimeiacha uwanjani, chini, kwenye umande. Kanga ya Mama!

Nikafungua mlango taratibu. Jogoo mmoja alikuwa amewika. Ukungu ulikuwa bado umelala uwanjani, mweupe kama maziwa. Nikatembea mpaka kwenye goli la chini.

Kanga ilikuwepo. Lakini haikuwa chini. Ilikuwa juu ya jiwe. Ilikuwa imekunjwa vizuri, ncha kwa ncha.

Na juu ya kanga kulikuwa na mpira.

Nikaugusa. Ulikuwa wa kweli. Ulikuwa umeoshwa. Ulikuwa umekauka.

Nikatazama njiani. Hapakuwa na mtu. Ukungu tu.

"Asante!" niliita.

Nikaitupa kanga begani.

Nikakimbia na mpira kifuani. Niliukumbatia kwa mikono miwili. "Amkeni! Amkeni! Mpira umerudi!"

Madirisha yakafunguka. Watu wakatoka wakiwa bado wamejifunika mashuka. Mjomba alitoka na kiatu kimoja.

"Nani ameuleta?" aliuliza Bi Nyange.

"Si mimi," alisema Mama Sempoli.

"Si mimi," alisema Mzee Mbelwa. "Labda mbuzi."

Fundi Kaoneka aliuchukua mpira. Akaugeuza. Akausogeza karibu na macho.

"Ulikuwa umefumuka hapa," alisema. "Mtu ameushona. Mshono mzuri sana. Lakini tazameni."

Tukatazama. Uzi ulikuwa wa kijani.

"Mimi sina uzi wa kijani," alisema Fundi Kaoneka.

Tukaulizana nyumba kwa nyumba. Juu hakukuwa na uzi wa kijani. Chini hakukuwa na uzi wa kijani. Dukani hakukuwa na uzi wa kijani.

"Haya," alisema Bi Nyange. "Plamu zinangoja. Tumalize mechi!"

Nilimpa Hoza kanga. "Mpe mtu mwingine ncha zangu," nilisema. "Mimi nitaachia tena."

Hoza aliitazama kanga. Akanitazama mimi.

"Wengine wote wana meno yao," alisema. "Njoo ushike."

Mama alikuwa nyuma yangu. "Shika, Mwantumu, shika."

Nikashika.

Bi Nyange aliinua mkono kabla ya kupuliza filimbi.

"Sikilizeni wote," alisema. "Huyu mtoto alipiga makofi kwa sababu sisi sote tulipiga makofi. Mikono yetu haikuwa na kazi. Yake ilikuwa nayo. Je, ni haki tumfurahishe hivyo, halafu tumwambie asifurahi?"

Watu walifikiri. Mjomba alijikuna kichwa.

"Si haki," alisema.

"Basi tuamue."

Wakaamua pale pale, Nyumba za Juu na Nyumba za Chini. Siku ya Plamu hakuna kupiga makofi tena. Ukifurahi, piga kigelegele. Ukifurahi zaidi, piga miguu chini. Miguu inaweza kufurahi hata mikono ikiwa na kazi.

Piii!

Wa Chini walifunga goli kwenye ukuta wa shule. Miguu ikalia: ti! ti! ti! Vumbi likapanda.

Wakabadilishana pande. Sasa Wa Chini walikuwa wanateremka. Wakapiga mpira kwa nguvu. Ukaja golini kwetu, mkubwa, ukizidi kuwa mkubwa.

Nikakaza vidole. Nikafumba macho.

Pu!

Kanga ikajaa kama tumbo la ng'ombe. Mpira ukakaa ndani. Ukatulia.

"Tumeushika!" alipiga kelele Hoza.

Miguu yangu ikaruka yenyewe. Ti! ti! ti! Mikono yangu haikuachia.

Kwa mara moja tu, kwetu mlimani, cha mviringo kilikaa.

Wa Chini walishinda mawili kwa moja. Wakawagawia plamu Wa Juu. Kisha wakawagawia watoto. Kisha wakawagawia tena watoto. Juisi ilitutiririka mpaka kwenye viwiko. Mjomba alikula akisimulia goli lake, na kila akisimulia, alikuwa amelifunga kutoka mbali zaidi.

Plamu zilipokaribia kuisha, Bi Nyange alijaza kitenga kimoja, akakifunika kwa majani ya mgomba.

"Hiki si chetu," alisema. "Hiki ni cha mwenye uzi wa kijani."

"Lakini hatumjui," alisema Fundi Kaoneka.

"Hatumjui. Ila yeye anatujua."

Basi likaamuliwa jambo la pili. Kila mwaka, jioni ya Siku ya Plamu, kitenga kimoja kipelekwe chini mpaka mtoni. Kiachwe kwenye jiwe bapa. Asiwepo mtu wa kuvizia, wala wa kuchungulia.

"Nani atakipeleka?" aliuliza Mama.

Nilinyanyua mkono. Mkono ulikuwa unanata plamu.

Nilikipeleka mwaka ule. Nilikipeleka mwaka uliofuata. Nilikipeleka nilipokuwa msichana, nilipokuwa mama, nilipokuwa bibi. Kila mwaka, asubuhi yake, nilikuta kitenga kitupu, kimeoshwa.

Mama yangu hayupo tena. Bi Nyange hayupo. Fundi Kaoneka naye hayupo. Uwanja bado una mteremko. Ukiweka sikio dirishani, utasikia plamu zikianguka gizani.

Bingiri, bingiri, bingiri.

Kesho ni Siku ya Plamu, mjukuu wangu. Nionyeshe meno. Ahaa. Lile la mbele limeng'oka.

Kwa hiyo kesho utashika kanga. Iko pale kwenye kiti. Maua yake yamefifia, lakini ncha zake ni imara.

Na jioni ikifika, kitenga kitahitaji mtu wa kukishusha mtoni. Magoti yangu siku hizi ni kama ya Bi Nyange.

Nimeshaamua. Nimeshamwambia mama yako.

Utakipeleka wewe.

Sasa lala.