Kalamu ya Corentin

Agizo lilifika saa saba mchana, ndani ya orodha ya maneno. Kiingereza kushoto, maana zake za Kifaransa kulia, kama orodha zote wanazotumiwa wakalimani wa Brussels kabla ya kikao. Neno moja tu lilikosa Kifaransa chake: shahidi.

Odile Wauters, mkalimani na jasusi, alielewa: neno lililoachwa wazi ndilo la kulindwa. Shahidi asife.

Shahidi alikuwa Emlyn Pugh, mkaguzi wa bandari kutoka Wales. Aliona silaha zikipitishwa kwa magendo, na leo angemtaja mwenye mzigo. Saa nane aliketi mbele ya tume. Nyuma ya kioo, kibandani, Odile akawasha maiki na kuwa sauti yake ya Kifaransa.

"Niliyaona makontena kwa macho yangu," alisema.

Mkalimani husema "mimi" kwa niaba ya kila mtu. Miaka kumi na miwili ya kazi hiyo, na ujasusi juu yake, ilimwacha Odile amekufa ganzi. Hakuogopa. Hakumwonea Pugh huruma. Alijua tu kwamba ilimpasa kumlinda.

Pembeni yake alikaa Corentin, mkalimani mgeni, badala ya mwenzake wa kila siku aliyeugua ghafla asubuhi.

Pugh akaanza kumwaga tarakimu. Kontena 4471. Tani sitini na mbili. Tarehe kumi na tisa.

Odile akasubiri karatasi. Kibandani, mkalimani asiyesema humwandikia anayesema tarakimu. Hufanya hivyo hata walionuniana.

Corentin alishika kalamu nyeusi ya Montblanc. Hakuandika kitu.

Odile akazima maiki.

"Mbona huandiki?"

"Kichwa kinaniuma, dada. Endelea tu."

Kidole chake gumba kikapanda kwenye kitufe cha juu ya kalamu.

Odile akachomoa bastola yake ya Walther, akampiga kiganja kwa kitako chake. Mfupa ukalia. Kalamu ikaanguka kwenye zulia.

"Umenivunja mkono, mwendawazimu wewe!"

"Una mwingine. Tulia nao."

Akaibonyeza redio ya kolani, akamwita mlinzi wa ukumbini.

"Tanguy, kibanda cha tatu. Kalamu ya kulipulia. Mtoe shahidi, kagua kiti chake."

"Tayari, wanamtoa. Wewe mzima?"

"Sijui. Leta pingu."

Bomu lilikuwa chini ya kiti. Baada ya saa moja kikao kiliendelea katika ukumbi mwingine. Odile alikaa kibandani huko peke yake, akijiandikia tarakimu mwenyewe.

"Ninaogopa," alisema kwa Kifaransa. "Ninaogopa sana, lakini nitamtaja."

Sauti iliyotoka kinywani mwake ilitetemeka kweli. Odile akaisikiliza kidogo, ajue kama hofu ile ni yake. Ilikuwa ya Pugh.

Jina likatajwa. Akazima maiki, akavaa koti, akatoka mvuani kununua chipsi.