Kope za Bi Mdogo

Jua lilikuwa limeshazama, ila mwanga ulikuwa bado unajivuta kama mgeni asiyejua kuaga, Mama Mtoto alipotoka uani kuanua nepi. Alizitoa kambani moja moja, akizinusa kama wafanyavyo akina mama wote, akizitupia begani.

Ndipo aliposikia mtoto analia.

Kilio cha njaa. Kile kinachoanza chini, kikakwaruza, kikapanda hadi pumzi ikakatika... kimya... halafu kikaanza upya. Kabla hajafikiri lolote, maziwa yalishaanza kumtoka. Yalilowesha gauni, yakateremka tumboni, ya moto.

Lakini kilio hakikutoka ndani ya nyumba.

Kilitoka langoni. Na kilikuwa kinakuja kinyumenyume.

"Mwenzio huyo karudi!" jirani yake, fundi cherehani, akapaza sauti kutoka dirishani kwake. "Mke mkubwa, toka umpokee mkoba!"

Lori likaingia uani likitanguliza makalio, likilia sauti ya mtoto mchanga. Mama Mtoto akasimama na nepi zake begani, meno yameumana.

Siku mume wake alipolileta nyumbani lilikuwa lori tu. Lori la mchanga na matofali, rangi yake ya buluu imepauka, hodari, halina makuu. Sasa hebu litazame. Juu ya kila taa ya mbele zimebandikwa kope za plastiki, nyeusi, ndefu kama vidole. Kwenye bampa imechorwa midomo myekundu iliyobinuka kana kwamba inasubiri busu. Vioo vya pembeni vimevalishwa hereni za bati zinazogongana safari nzima. Kiunoni sketi ya raba yenye marinda. Kwenye magurudumu taa za zambarau. Na nyuma, kwa maandishi ya kumeremeta ambayo hata asiyejua kusoma ameshayajua: BI MDOGO.

Mtaa ulicheka, jina likakaa. Madereva wenzake walimuuliza mumewe, "Leo zamu ya nani, mkubwa au mdogo?" Muuza maji akipita alikuwa akiligonga boneti na kuliuliza, "Hujambo, shemeji?" Kila mtu alikuwa na utani wake, na kila utani ulimchoma Mama Mtoto kama kibanzi chini ya ukucha.

Alivumilia. Mume wake hakuwa mtu mbaya. Alipotoka kujifungua, mwanamume yule alikuwa akiamka kabla ya kuku kumchemshia maji ya kuoga, na akienda kazini alimwachia chai mezani, kikombe kimefunikwa kwa sahani ili isipoe. Mtu wa namna hiyo unamsamehe kope. Hata midomo unamsamehe.

Honi hakuisamehe.

Akakimbilia chumbani. Mtoto alikuwa kitandani, mdogo bado, hata kukaa hajaanza. Mdomo ameuachama wote. Ulimi unatetemeka. Ngumi zimekazwa, machozi yanachuruzika hadi masikioni. Alikuwa analia kwa nguvu zote alizopewa na Mungu.

Bila sauti.

Hata mkwaruzo wa koo haukusikika. Ungefumba macho usingejua kwamba chumbani mna mtoto.

Alikuwa hivyo tangu honi ile ifungwe. Kwenye zahanati muuguzi alimmulika koo, akasema koo ni zima. Alimpima uzito, akaitazama mizani, akaitazama tena. Asingekuwa mtu mwema angemgombeza mama yule. Yeye alimshika mkono tu, akauliza polepole, "Mwenzangu, maziwa yanatoka?"

Yanatoka, lakini wapi? Ziwa huitikia mwito. Mtoto akilia, maziwa hushuka. Huyu hakuwa na mwito tena. Alikuwa akinyonya, akipata tone, akiachia, akilia kimya kimya huku mama yake anamtazama. Halafu jioni lori linarudi, linalia uani, na maziwa yote yanamwagika. Yanamwagika kwenye gauni, yanamwagika mchangani. Akikimbia hadi chumbani, yameshakauka. Vimkono vya mtoto vilikuwa vimebaki kama njiti. Fundi cherehani, yuleyule wa utani, alikuwa akimletea uji kila asubuhi na kukaa naye mpaka aumalize. Alikuwa akisema mwenye kunyonyesha hali kwa tumbo lake tu. Uji ulikuwa mtamu. Haukusaidia kitu.

Mume akaingia, akainama kwenye beseni kunawa mikono.

"Leo lori limenichekesha," akasema kwa uchovu. "Nimewasha waipa, maji ya kuoshea kioo yakatoka meupe. Yameacha utando kioo kizima. Sijui ni sabuni gani iliingia humo."

Mama Mtoto akageuka.

"Yananuka nini?"

"Aa... Kama maziwa yaliyolala."

Chumba kikawa kidogo. Mama Mtoto akamweka mtoto begani.

"Hicho kilio cha honi ni cha nani?"

"Si nilikwambia, nimefungiwa na fundi mapambo."

"Sikuuliza nani kafunga. Nauliza ni cha nani."

Mume akatazama maji ya beseni.

"Baba Mtoto."

"Ulikuwa utani tu, mke wangu. Kila lori lina honi yake. La yule linabweka, la huyu linacheka. Fundi akasema Bi Mdogo amependeza, amebakiza mtoto tu. Akataka kunasa kilio cha kweli, cha njaa. Siku ile ulipochelewa kwenye foleni ya maji, nikampeleka mtoto gereji. Fundi akasema nisimpe chupa, nisimbembeleze, mpaka kinase chote."

"Mpaka kinase chote?"

"Mpaka..." Sauti yake ikazama. "Mpaka aliponyamaza."

Kuna hasira inayopanda kama maziwa jikoni, ikafoka, ikazima moto wake yenyewe. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikaa chini kabisa ya sufuria, ikachemka bila povu. Hakupiga kelele. Alimfunga mtoto mgongoni, akavaa ndala, akatoka. Mume alimfuata hadi langoni, akaishia hapo.

Gereji ilikuwa mwisho wa mtaa. Ilinuka rangi, gundi na plastiki iliyoungua. Kope zilitundikwa ukutani jozi jozi, kama wadudu waliobandikwa. Fundi mapambo alikuwa amechuchumaa mbele ya gari dogo, akilipachika meno.

"Karibu, mke mkubwa," akanong'ona bila kugeuka. "Leo hukuja na mwenzio."

"Nirudishie sauti ya mwanangu."

"Sinayo."

"Uliichukua wewe!"

"Mimi nafunga mapambo tu. Kope nimefunga. Midomo nimechora. Lakini mke nani kamwita? Asubuhi mke, jioni mke, mtaa mzima. Mwanamke akipambwa hivyo, akaitwa mke kila siku... mwisho atataka nini?"

Mtoto akajinyonganyonga mgongoni, akilia kimya. Fundi akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza.

Alikuwa anakisikia.

"Chini ya usukani kuna waya mwekundu," akasema. "Ukate, sauti itarudi. Ila mwombe Bi Mdogo kwanza, mama. Taratibu, kwa heshima. Hakuna mama anayenyang'anywa mtoto akatulia."

"Mama ni mimi!" akasema Mama Mtoto, akamtemea mate miguuni. Hajawahi kumtemea mtu mate maishani mwake.

Akarudi mbiombio. Alipopita dirishani kwa jirani alinyoosha mkono. "Shoga, nipe mkasi wako mkubwa, ule wa vitambaa." Fundi cherehani alifungua mdomo atanie, akamwona uso, akaufunga. Mkasi ule hakuna aliyewahi kuazimwa, hata ndugu zake. Alimpa bila swali.

Lori lilikuwa limetulia gizani, hereni zake zinacheza ingawa hapakuwa na upepo.

Tin... tin... tin...

Akapanda. Injini ilizimwa muda mrefu, lakini ndani kulikuwa na joto. Joto la kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi. Na harufu... maziwa, poda ya mtoto, utosi wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kwenye kiti cha abiria mkanda ulikuwa umefungwa, umekazwa. Chini ya mkanda kiti kilikuwa kimebonyea kishimo kidogo.

Kidogo. Kama cha kitu kisichozidi urefu wa mkono.

Tak!

Mlango ukajifunga.

Mama Mtoto akaukaza mkasi mkononi. Kutoka kwenye spika ikaanza sauti. Hakikuwa kilio. Ilikuwa sauti ya kubembeleza, nzito, ya puani, kama ya mwanamke aliyefumba midomo.

Mmm... mmm... mmm...

Na mtoto mgongoni, aliyekuwa akihangaika tangu siku nyingi, akatulia. Kichwa chake kikalala katikati ya mabega ya mama yake. Alikuwa amebembelezwa.

Hapo hofu ilimtoka Mama Mtoto yote. Mwanawe, aliyemshinda yeye kwa nyimbo zote na usiku wote wa kutembea naye chumbani, anatulizwa na bati! Na lori lililopakwa midomo!

Akakumbuka neno la fundi. Mwombe. Taratibu, kwa heshima.

"Ana mama yake, mwizi wewe," akasema, akaingiza mkasi chini ya usukani, akakata.

Wimbo ukakatika. Hereni zikanyamaza. Kwa kitambo kifupi dunia nzima ilikuwa kimya.

Halafu mgongoni mwake...

"Ngaaa!"

Ee Mola. Kilio kilikuwa kikali, kibaya, kimejaa makamasi, na Mama Mtoto hajapata kusikia kitu kizuri kama kile. Akausukuma mlango kwa bega ukafunguka, akaketi kwenye ngazi ya lori, akamweka kifuani. Maziwa yakashuka. Mtoto akameza, akapaliwa, akameza tena. Kutoka upande wa pili wa ukuta fundi cherehani akapiga vigelegele, kisha ikasikika kamasi ikipengwa.

Lakini hasira ilikuwa haijaisha. Mtoto aliposhiba na kulala, mama yake alimkabidhi kwa jirani, akalirudia lori. Alizing'oa hereni. Aliichana sketi ya raba kutoka upande hadi upande. Mume wake alitoka na ndoo na kisu cha kukwangua, na bila kuambiwa akapiga magoti, akaanza kuikwangua midomo, halafu jina. Alikuwa analia. Wala mkewe hakumnyamazisha. Alimwacha alie. Ilikuwa zamu yake.

Kope zilikuwa za mwisho. Mama Mtoto alizikamata kwa mikono miwili, taa baada ya taa, akavuta kwa uzito wake wote. Zilitoka na kitu chembamba, kimelowa, kama ngozi ya juu ya maziwa. Akawasha moto uani, akazitupa humo pamoja na vingine.

Mtoto alinenepa. Muuguzi alipoiona mizani alimbusu mtoto kisogoni mbele za watu. Sauti ikarudi na deni lake lote. Akilia, mtaa mzima unajua kuna mtu na haki zake. Lori halikuuzwa, kwa sababu ndilo linalowalisha. Lilirudi kuwa la buluu iliyopauka, linabeba mchanga, na hakuna tena wa kuliita shemeji.

Ila usiku taa zake hazizimi.

Jioni mume analiegesha, anatoa ufunguo, anachomoa waya za betri. Giza likiingia, taa zile zinafunguka, polepole, mwanga wa njano uliofifia. Zinatazama dirisha la chumba cha mtoto mpaka kuche. Fundi umeme alilikagua hadi akatoka jasho, hakuona kasoro. Wakaligeuza litazame ukuta. Mwanga ukagonga ukuta, ukarudi dirishani.

Jioni moja fundi mapambo alipita mbele ya lango, akasimama, akatazama zile taa. Mama Mtoto alikuwa uani anaanua nepi. Akaokota jiwe.

"Nilikwambia umwombe," fundi akanong'ona. "Na kope nilimfungia ili aweze kufumba macho. Sasa atayafumba na nini?"

Jiwe likagonga lango. Fundi alikuwa ameshaondoka.

Mama Mtoto aliingia ndani, akafunga dirisha. Akashusha pazia, na juu ya pazia akatundika shuka, na juu ya shuka blanketi. Mwanga ukapenya pembeni, mwembamba kama uzi. Mtoto akaanza kulia. Akamnyanyua, akalipa dirisha mgongo, akafungua gauni. Maziwa yalikuwa yameshashuka.

Mtoto hakuyataka.

Alinyamaza mwenyewe. Aliweka kidevu begani kwa mama yake, akautazama ule uzi wa mwanga, akatabasamu kwa fizi zake tupu. Kisha, kwa sauti yake iliyopatikana kwa mkasi, akaanza...

Mmm... mmm... mmm...

"Ana mama yake," akasema Mama Mtoto gizani, kwa hasira, akimkumbatia mpaka akahisi vimbavu vyake. "Umesikia? Ana mama yake!"

Nje, hapakuwa na upepo. Wala hereni hazikuwapo tena.

Tin... tin... tin...