Karatasi ya Kumgeuza Bibi

Mimi nikisimulia natia chumvi mpaka bahari inaona wivu, najua. Lakini hii ni ya rafiki yangu nesi, na alinisimulia macho chini kwa aibu.

Wodini kwao kulikuwa na bibi kapooza kuanzia shingoni, ingawa bado anahisi akiguswa, wa kugeuzwa kila saa mbili asipate vidonda vya kulalia. Rafiki yangu, mvivu kushinda jiwe, hakumgusa. Akajaza karatasi ya zamu nzima ya usiku kwa mkupuo: kageuzwa saa nne, saa sita, saa nane, hata saa kumi ambayo haijafika.

Saa kumi kasorobo mvua ikashuka, umeme ukakatika, wodi giza tupu. Roho ikamsuta, akaenda kitandani.

"Bibi, nisamehe. Leo sijakugeuza hata mara moja."

"Acha utani, mjukuu wangu! Mara tatu umenigeuza, mgongo mwepesi kama wa bibi harusi."

Rafiki yangu akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akasimama hivyo hivyo mpaka ikatimia saa kumi. Kitanda kikalia kwii, kwii, na bibi akaanza kugeukia ukutani.

"Taratibu, mjukuu wangu," akasema. "Mbona leo mikono yako baridi hivi?"