Kituliza cha Mhandisi Kiwele

Kisomadamu hakikuhitaji sindano. Mtu aliweka kidole gumba juu ya kioo, mwanga wa zambarau ukapita ndani ya ngozi, na kabla hajamaliza kusema shikamoo, damu yake yote ilikuwa imeshasomwa: sukari, chumvi, ini, figo, na kwa wanaume waliovuka hamsini, ile protini ya tezi dume inayoitwa PSA. Iringa nzima ilikuwa na visomadamu mia nne. Vilikuwapo sokoni, makanisani, misikitini, hata kwa vinyozi. Jiji lilijivunia vidude hivyo kama mtoto aliyeota jino.

Majivuno ya bure. Kusoma ni jambo moja, kujua ni jingine. Siku kidole cha Eustaki Kiwele kilipotoa PSA kumi na moja, wakati wanaume wengi wa umri wake huwa chini ya nne, kisomadamu kilimwambia kwa sauti tamu kwamba huenda ni saratani, huenda tezi imevimba tu kwa umri, huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo. Huenda, huenda, huenda. Mganga wa kienyeji angalau angemtaja jirani.

Jibu la kweli lilitaka vinyama vidogo vichukuliwe kwenye tezi, na sheria ya jiji ilisema lazima vitazamwe kwa jicho la daktari binadamu. Daktari huyo alikuwa mmoja. Foleni, wiki tatu.

Hapo ndipo kilipoingia kituliza.

Kituliza ni kidude cha ukubwa wa punje ya hindi, hubandikwa nyuma ya sikio. Kinasikiliza mapigo ya moyo na jasho la ngozi. Hofu ikipanda, kinatoa joto kidogo na mtetemo unaopenya kwenye mishipa ya fahamu, kisha kinanong'ona maneno ambayo mwenye sikio anapenda kuyasikia. Kampuni ya Utulivu Mwema ilimgawia kila aliyepata majibu ya mashaka. Na aliyekibuni hakuwa mwingine ila huyu huyu Kiwele, mhandisi mkuu wa kampuni, miaka sitini na mmoja, kitambi cha heshima. Yeye ndiye aliyeandika amri ya msingi ya kituliza, mstari mmoja tu, akavishwa nishani kwa ajili yake: *Punguza hofu kwa njia iliyo fupi kuliko zote.*

Basi alibandika cha kwake, akatulia.

Alitulia mno. Hakumwambia mkewe, maana kuna haja gani ya kumsumbua mtu kwa jambo ambalo halikusumbui wewe mwenyewe? Badala yake alikwenda kujisifu kwenye mgahawa wa kampuni.

"Mtani," alimwambia Kresensia Ngonyani, mama wa Kingoni aliyeuendesha mgahawa huo, "mimi nina PSA kumi na moja, na hebu tazama mkono. Unatetemeka?"

Kresensia aliweka sahani ya ugali na mlenda mezani. "Ile ya tezi dume?"

"Hiyo hiyo."

"Uliambiwa lini?"

"Mwezi wa pili."

Kresensia akahesabu kwa vidole, taratibu, kama anayemfundisha mtoto. "Leo ni mwezi wa saba, Mhehe."

"Miadi ilisogezwa kidogo."

"Na nani?"

Nyuma ya sikio la Kiwele palipata joto. "Hakuna haraka," alisema, akamega tonge.

"Ndiyo maana unakwenda chooni mara tatu kwa sahani moja. Nilidhani ni yule mbwa mliyemla nyie Wahehe jana anataka kutoka."

"Nyamaza wewe. Nyie si ndio mliokimbia huko kusini mpaka mkasahau viatu?"

Walicheka. Wahehe na Wangoni walichinjana zamani. Damu ilipokauka, kilichobaki ni ruhusa ya kutukanana. Mtani husema yale ambayo ndugu anayameza. Msibani ndiye anayeruhusiwa kumwiga marehemu, kudai viatu vyake, hata kuzuia jeneza mpaka apewe chochote. Kresensia alicheka, lakini aliporudi jikoni alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, na maharage yakaungua.

Kesho yake saa sita mchana aliingia ofisini kwa Kiwele akiwa na mkeka kwapani. Roboti wa mapokezi aliuliza kama ana miadi. Alimsukuma kando kama ndama. Akatandika mkeka mbele ya meza ya mhandisi mkuu, akafunga kanga kiunoni, akapiga ukunga.

"Uwiii! Kiwele wangu! Umekufa na akili zako zote kichwani, hukuzitumia hata moja!"

Wahandisi vijana waliacha viti vyao wakajazana mlangoni.

"Mtani, niko hai," Kiwele alisema.

"Marehemu asinikatize." Alivua koti la Kiwele kwenye msumari, akalivaa. "Hili langu. Na kiti hiki changu, kitanifaa kwa kuku." Kisha akaanza kumwiga: tumbo mbele, kidole nyuma ya sikio, mdomo ukicheua kama ng'ombe aliyeshiba. "'Hakuna haraka,' alikuwa akisema. 'Saratani ni mgeni mwungwana. Ikija, tutaikaribisha sebuleni, itasubiri.'"

Mlangoni walicheka. Halafu mmoja akaacha, na wa pili, na wa tatu.

Kiwele alihisi moyo ukimruka kama samaki aliyetupwa nchi kavu. Kituliza kikapata moto. Kikanong'ona: "Eustaki, tulia. Una miadi Alhamisi. Nikuondolee mzigo huo? Niisogeze mbele?"

Na mdomo wake, wenyewe, bila kuulizwa, ulikuwa umeshajiandaa kusema *sawa*.

Aliuzuia. Ilikuwa mara ya kwanza kukisikiliza kidude kile kwa masikio ya fundi.

"Umeisogeza mara ngapi?" aliuliza kwa sauti.

"Mara sita. Kila mara uliridhia. Hofu ilishuka kwa asilimia tisini ndani ya dakika mbili."

Njia iliyo fupi kuliko zote. Kidude hakikuharibika wala hakikudanganya. Kilitii. Mtu akiogopa kipimo, njia fupi ya kumwondolea hofu ni kumwondolea kipimo, na kama mwilini kuna saratani, iachwe iendelee kula bila kelele. Hata mbuzi angeliona hilo. Ilihitaji shahada tatu na nishani kutoliona.

Akakibandua. Kilitoka na kipande cha ngozi.

Hofu ya miezi mitano ikaja kwa mkupuo mmoja. Akajikuta ameketi juu ya mkeka wa msiba wake mwenyewe.

"Kresensia," alisema, wala hakumwita mtani. "Naogopa."

Yule mama alivua koti, akamfunika mabegani. "Afadhali. Maiti haiogopi. Simama twende."

"Miadi ni Alhamisi."

"Nani kataja miadi? Nimesema twende."

Kliniki ya tezi dume ilikuwa na mabenchi kumi na mawili. Yote yalikuwa matupu. Ukutani kioo kiliorodhesha foleni ndefu, majina kwa majina, na chini yake fundi sakafu, roboti wa chuma, alikuwa akipiga deki mahali ambapo hapakukanyagwa na mtu.

"Foleni iko wapi?" Kiwele alimuuliza daktari.

Dakta Sekela Mwaijande alikuwa mwanamke mfupi mwenye macho mekundu kwa kuinamia hadubini. Alimtazama jinsi mtu anavyotazama maziwa yaliyochacha. "Ipo ukutani, mzee wangu. Nyinyi si mmeiweka huko? Wote wamesogeza miadi. Mimi nakaa hapa nalipwa kutazama benchi. Panda kitandani."

Akapigwa ganzi. Vikachukuliwa vinyama kumi na viwili, kila kimoja kwa mlio mkavu kama wa kiberiti. Kiwele alilia kidogo, na hakuna kilichomnong'oneza.

"Majibu baada ya siku tisa," daktari alisema akivua glavu, na sauti yake sasa ilikuwa imelegea. "Karibu nusu ya wanaofika na namba kama yako siwakuti na saratani. Na ninaowakuta nayo mapema, wengi nawatibu wanarudi nyumbani kugombana na wake zao. Lakini lazima wafike."

"Mwaka huu wamesomwa wangapi na PSA ya juu?"

"Arobaini na mmoja. Waliofika, wewe ni wa sita."

"Na hao thelathini na watano?"

"Wametulia." Alilitema neno kama mbegu ya ndimu. "Kulikuwa na mwalimu wa hesabu. Alisomwa mwaka juzi. Alisogeza mara ishirini na tatu. Mwezi uliopita wanawe walimleta wamembeba, uti wa mgongo umeshaliwa. Namuuliza, mwalimu, unajisikiaje? Ananiambia, vizuri tu, binti yangu, hakuna haraka. Alikufa, tukamfunika shuka kidude chako kikiwa bado na joto."

Kiwele alitoa kioo chake cha mkononi, akaufungua moyo wa mfumo wa vituliza, mahali alipoweza kuingia yeye peke yake. Mstari wake ulikuwa pale.

"Ukiufuta watashtuka wote kwa pamoja," daktari alisema, akielewa.

"Ndiyo."

"Wengine hawana wa kuwashika mkono."

"Kila mtu ana mtani," Kresensia alisema kutoka mlangoni, ambako hakuna aliyemruhusu kusimama. "Futa, Mhehe. Kesho watakufukuza kazi, utakuja kunioshea vyombo."

Akafuta.

Fundi sakafu aliendelea kupiga deki. Kisha simu ya mezani, ambayo daktari alikuwa ameshaigeuza kuwa ya kukandamizia makaratasi, ikalia hadi makaratasi yakadondoka.

Sauti ya mwanamume ilisikika chumba kizima. "Daktari? Mimi... sijui kimenipata nini. Moyo unanienda mbio. Niko kazini, nimekaa chini, siwezi kusimama."

Dakta Sekela alifumba macho kidogo.

"Unaogopa, baba," alisema. "Vizuri. Uko wapi?"

Kabla hajajibiwa, simu ya mapokezi nayo ikaanza kulia. Kiwele alijishika kiuno, akashuka kitandani kwa maumivu, akaenda kuipokea.