Juzuu Isiyo na Herufi S

"Swali la kunishinda mimi," alisema Juzuu akiinua glasi yake, "bado halijatungwa. Atakayelitunga yuko chekechea sasa hivi, anafundishwa kushika penseli."

Alisema hivyo kila Alhamisi jioni. Na kila Alhamisi sisi wa meza ya mlangoni tulimtazama kama unavyomtazama jirani anayepanda ngazi mbovu: humwombei mabaya, lakini macho huondoi.

Alhamisi ilikuwa siku ya chemsha bongo. Mwenye baa, Bwana Kengele, alikaa juu ya stuli ndefu, kipaza sauti mkono mmoja, kengele ya baiskeli mkono wa pili. Sheria zake zilikuwa chache. Meza moja watu wanne, simu mfukoni, na kengele ikilia, kalamu chini hata kama ulikuwa katikati ya neno. Washindi walipata kreti ya vinywaji na ruhusa ya kutamba wiki nzima. Kreti iliisha usiku uleule. Watu waligombania ile ruhusa.

Juzuu alikuwa fundi lifti, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi likasimama, na grisi kwenye kucha iliyoshinda kila sabuni. Jina hilo lilitokana na mjomba aliyemlea. Nyumbani kwa mjomba kulikuwa na ensaiklopidia, lakini juzuu moja tu, ya kuanzia herufi K hadi P, na Juzuu alikua akiisoma kama wenzake walivyocheza mpira. Muulize habari za kinyonga, mwezi, nyuki au pweza, atakujibu mpaka umwombe apumzike. Mtoe nje ya herufi hizo, uone anavyokagua dari.

Mezani kwake walikuwapo Kinyozi, aliyenyoa nusu ya mtaa, na Dada Benki, karani wa benki aliyejua miji mikuu yote kwa sababu hakuwahi kusafiri kwenda hata mmoja. Mwenzao wa nne alikuwa amehamishwa kikazi.

"Meza za watu watatu sizitaki," Bwana Kengele alitangaza. "Leteni mtu au mkae pembeni mpige makofi."

Hapo ndipo mlango ukafunguka akaingia dada mmoja, gauni la buluu, viatu bapa, miwani imepandishwa kwenye nywele, na koti jeupe limekunjwa mkononi. Hakumtazama mtu. Alikuwa na chaja mkononi na uso wa mtu ambaye simu yake imekufa akiwa katikati ya maongezi.

"Samahani, kuna soketi?"

"Ipo hapa," alisema Juzuu, akivuta kiti kwa haraka hadi kikapiga kelele. "Ila soketi hii haitolewi bila kiti, na kiti hiki hakitolewi bila kalamu."

"Nachaji dakika chache tu, kaka."

"Wanne!" Bwana Kengele aligonga kengele. "Swali la kwanza. Shingo ya twiga ina pingili ngapi?"

Juzuu alikagua dari. Kisha akaandika kwa mkono wa mtu anayesaini hundi: kumi na nne.

"Saba," alisema yule dada, bado anachomeka chaja.

"Dada yangu, umeiona shingo yenyewe lakini?"

"Saba. Kama yako. Ya kwake ndefu, yako inajiona ndefu."

Kinyozi alicheka hadi akamwaga soda. Jibu likaja: saba. Meza yetu, ambayo iliandika tisini, ilipiga makofi kwa furaha isiyo na sababu, na Juzuu akamgeukia mgeni wake kama mtu aliyepigwa na umeme wa soketi ileile.

Alikuwa mfamasia wa duka la dawa la kona ya pili. Kinyozi akambatiza Dozi jioni hiyohiyo, na Alhamisi iliyofuata alikuja na simu iliyojaa chaji. Hakuna aliyemuuliza amefuata nini.

Basi zikaanza simu. Juzuu alimpigia akiwa juu ya kibanda cha lifti, kamba za chuma zikining'inia gizani.

"Uko wapi? Mbona unasikika kama uko kisimani?"

"Niko ghorofa ya tisa, katikati ya ukuta. Nimekumbuka swali. Pweza ana mioyo mingapi?"

"Mitatu. Na wewe una mmoja, ushikilie, usije ukaudondosha hadi chini."

"Ukidondoka utauokota?"

"Nitaupaka spiriti kwanza. Rudi kazini, kuna mzee hapa anataka dawa ya kikohozi na ananitazama ninavyotabasamu."

Jumamosi moja, akimsindikiza Dozi hadi kwao, Juzuu alisimama chini ya taa ya barabarani akakohoa mara mbili. "Dozi, mimi maneno ya kuzunguka siyawezi. Nakupenda. Nataka nije nijulikane kwenu."

Dozi alishusha miwani, akamtazama kama anavyotazama mwandiko wa daktari. "Mama yangu hapokei mtu ambaye mimi mwenyewe sijamhakikisha. Tufanye hivi. Niulize swali. Siku utakapouliza nikakosa jibu, Jumapili yake unakuja kula nyumbani."

"Swali moja tu?"

"Moja. Usifurahi mapema."

Na kweli alifurahi mapema. Alimuuliza habari za nyuki, akajibu. Za mwezi, akajibu. Za madini, milima na nyangumi, akajibu huku akihesabu vidonge. Juzuu aliimaliza juzuu nzima kutoka K hadi P, akabaki hana risasi.

Lakini katika maswali hayo wakaambiana na mengine. Dozi alimweleza, jioni moja kwenye simu, kwamba kazini yeye ndiye hushika zamu za wanaougua, na nyumbani ndiye aliyebaki na mama, dada zake walipoolewa. "Mimi ni tairi la akiba, Juzuu. Watu hunikumbuka wakipata pancha." Kwa Juzuu kuacha utani ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba mota ya lifti, lakini aliuacha. Mwisho akasema, "Kwangu hapana."

Kumbuka maneno hayo, kwa sababu yeye aliyasahau.

Ilikuwa Alhamisi ambayo meza yao ilishinda mara ya tatu mfululizo. Bwana Kengele alishuka kwenye stuli akampa Juzuu kipaza sauti. "Watu wanataka kujua, huyu dada mnayemtegemea mlimpata wapi?"

Kipaza sauti mkononi mwa mtu mcheshi ni kama kiberiti mkononi mwa mtoto. "Huyu?" alisema Juzuu. "Huyu tulimwokota kwenye soketi. Tulikuwa na pengo, akaziba."

Baa nzima ikacheka. Dozi naye alicheka, kwa mdomo tu. Kisha akakunja koti lake jeupe taratibu, pande zote nne, akasema mama anamsubiri.

"Umesema nini wewe?" Dada Benki alimfinya Juzuu chini ya meza.

"Utani."

"Utani wa nani? Mbona aliyetaniwa ameondoka?"

Juzuu hakulala vizuri. Asubuhi, kabla hajavaa buti za kazi, alikaa ukingoni mwa kitanda akaandika ujumbe, akaufuta, akaandika tena. Mwisho akatuma swali, kwa kuwa maswali ndiyo lugha waliyokuwa nayo:

"Kwa nini mtu anayejidai kujua kila kitu amwambie neno la kijinga mtu ambaye yeye hataki kumpoteza?"

Jibu lilikuja akiwa anafunga kamba za buti. Neno moja.

"Umenishinda."

Juzuu alilisoma akabaki ameshika kamba moja mkononi.

Sasa, ili umwelewe, lazima urudi nyuma hadi siku alipokuwa na miaka tisa, amesimama mlangoni na begi lenye nguo zake, mama yake akimwambia mjomba bila kumtazama yeye: "Mtoto huyu amenishinda. Mchukue." Mama alikuwa mgonjwa na amechoka, na baadaye alipiga simu mara nyingi kueleza, lakini mtoto hakuja kwenye simu. Neno lile lilishaingia na kufunga mlango kwa ndani. Tangu hapo, kwa Juzuu, kumshinda mtu kulikuwa na maana moja: umemchosha, amekata tamaa nawe, chukua begi.

Akachukua begi. Begi la vifaa, lakini ni lilelile.

Jumapili simu yake iliita. Jina la Dozi liliwaka juu ya kioo, likazimika, likawaka tena. Hakupokea. Alijiambia kwamba ujumbe umemtosha, hahitaji kusomewa kwa sauti. Alhamisi hakuja baa. Iliyofuata pia hakuja, na meza yao ikawekwa pembeni ikapiga makofi.

Aliyemnasa ni Kinyozi. Juzuu alikwenda kunyolewa kama kawaida, akafungwa shuka shingoni. Mashine ikapanda upande wa kushoto, ikashuka vizuri, kisha ikazimwa.

"Mbona umesimama?"

"Nimechoka."

"Umebakisha nusu, bwana wewe."

"Nusu ya pili nainyoa Alhamisi, palepale baa, ukishakaa kwenye kiti chako. Dozi anakuja kila wiki. Anakaa karibu na soketi, hachaji chochote. Mimi ni kinyozi, kazi yangu ni kusikiliza watu, na yule dada hasemi neno. Ananitisha."

"Alishaniambia nimemshinda, Kinyozi. Unataka aniambie mara ngapi?"

"Mimi sijui alichokwambia. Najua ninachokiona. Chukua kofia ile, inakutosha."

Kwa hiyo Alhamisi Juzuu aliingia baa na kofia ya sufu iliyovutwa hadi masikioni, jioni ya joto, jasho likimtiririka. Dozi alikuwa pale na gauni lilelile la buluu. Hakumwangalia. Juzuu alikaa ukingo wa kiti, kama abiria ambaye hajalipa.

Kabla ya raundi ya mwisho, Bwana Kengele huwa anampa mteja mmoja nafasi ya kuuliza swali lake. Dozi alinyoosha mkono. Akasimama, akashusha miwani, akapokea kipaza sauti.

"Swali langu ni hili. Mtu ameahidiwa zawadi akishinda. Akashinda. Akaambiwa waziwazi kwamba ameshinda. Jumapili akawekewa sahani mezani, ikafunikwa, ikapoa. Akapigiwa simu, hakupokea. Maana yake nini?"

"Hakuitaka," ilijibu meza ya dirishani.

"Hakuitaka hata kidogo," sisi wa mlangoni tuliongeza, maana mara moja moja nasi hupenda kupata jibu.

"Asanteni," alisema Dozi, na sauti yake ilikuwa nyembamba. "Nilitaka kuhakikisha." Akaweka kipaza sauti mezani, akavuta koti lake.

Juzuu alikuwa ametumbua macho kama mtu aliyeona lifti ikipanda bila kamba. "Subiri. Aliambiwa nini? Kwa maneno gani?"

"Unayo kwenye simu yako. Uliniuliza swali. Sikuwa na jibu. Nikakwambia umenishinda."

Juzuu akatoa simu, akausoma ujumbe ule upya.

"Naomba kubadilisha jibu," alisema Juzuu.

"Nusu dakika," alisema Bwana Kengele, kidole kwenye kengele.

"Mimi neno hilo niliambiwa nikiwa mdogo, siku mama aliponitoa nyumbani. Tangu hapo silisikii kwa namna nyingine. Wewe uliniambia nimeshinda, mimi nikasikia umenichoka. Tena nilijua nimestahili, kwa upuuzi niliousema hapa hapa, kwenye hiki hiki." Akakiinua kipaza sauti. "Na niliposema tulikuwa na pengo akaziba, nilisema uongo. Tulikuwa watatu tunaojidai. Alipokaa yeye ndipo ikawa meza."

Nusu dakika ilipita. Bwana Kengele alisahau kengele.

Dozi alimgeukia. "Kwenye hiyo juzuu yako, neno 'shinda' halikuelezwa?"

"Liko herufi S. Yangu inaishia P."

Kona ya mdomo wake ilicheza. "Vua kofia, unaloa."

"Hilo hapana, niombe kingine."

"Vua."

Akavua. Nusu ya kichwa iling'aa, nusu ilisimama kama brashi ya viatu, na baa ikaanguka kwa kicheko. Dozi alicheka hadi akavua miwani, na safari hii macho yalicheka kuliko mdomo. Akamsogelea, akamfuta jasho kwa mkono wa lile koti jeupe.

"Kweli umenishinda," alisema polepole. "Sikiliza, nikufundishe herufi S. Jumapili njoo ushinde nyumbani kwetu."

"Kushinda kupi huko?"

"Kule kwa asubuhi hadi jioni. Mama ameshachoka kufunika sahani."

"Na nikishinda, nisiondoke?"

"Hilo ni swali la pili, mpenzi. Mkataba ulikuwa swali moja." Lakini alikuwa amemshika mkono, grisi na yote, na hakuuachia hata Kinyozi alipotoa mashine yake na kuichomeka kwenye soketi.

Jumapili alikwenda, kichwa kimekamilika. Jioni yake, ghorofani kwake, alimpigia mama yake mwenyewe simu, na walichoongea ni chao.

Mwisho wa hadithi. Watu wengi walilia Alhamisi ile. Dada Benki alilia, Bwana Kengele alilia akasingizia vumbi. Mimi sikulia. Mimi ni mtu wa utani, mambo ya mapenzi huwa nayatazama kwa mbali, macho makavu.

"Makavu?" anasema Shangazi wa kaunta, aliyekuja kufuta meza yangu na sasa anasoma haya juu ya bega langu. "Mwandikie msomaji ukweli. Mwambie nani alimaliza tishu zangu zote, halafu akaja kuniomba kitambaa cha kufutia glasi."