Marehemu Aliyemsindikiza Mgonjwa

Kitabiri kilimpasua Mzee Ambakisye mara elfu kumi kabla ya chai ya saa nne, na mara elfu nane na mia tisa kilimuua.

Mzee mwenyewe hakuhisi kitu. Alikuwa amelala chali, shingo yake ndani ya pete-mwanga, chombo cheupe chenye upana wa ungo kilichozunguka taratibu kikisoma nyama, mishipa na mifupa bila kugusa ngozi. Juu yake, hewani, ilining'inia shingo ya pili iliyofumwa kwa nuru, nayo ikipiga mapigo yale yale ya moyo wake. Kitabiri kiliikata hiyo ya nuru, kikaishona, kikaisukuma mbele miaka miwili kuona kama mwenyewe bado anakula, kisha kikaanza upya. Kila mkato ulichukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

"Kumi na moja kwa mia," kilitangaza, kwa ile sauti ya upole ambayo hospitali nzima ya Mbeya ilikuwa imeizoea kwa miaka sita. "Upasuaji haushauriwi. Mgonjwa apewe huduma ya faraja."

Chini ya thelathini, mtu haingii chumba cha upasuaji. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

Daktari Atuganile Mwaisumo, mpasuaji wa kichwa na shingo, aliitazama ile namba na machale yakamcheza. Ni kweli, saratani ya koo la mzee ilikuwa imerudi baada ya mionzi, na nyama iliyokwisha kuchomwa na mionzi hupona kwa shida. Lakini uvimbe haukuwa umeufikia mshipa mkubwa wa damu. Palibaki nafasi ya unene wa kidole. Mapafu yalikuwa safi. Mzee alikuwa anapanda milima ya kwao bila kutweta. Baada ya wiki tatu ile nafasi ingeziba, na hapo hata yeye angesema basi. Leo, hapana.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Wagonjwa wote waliotoka bonde la Lusungwe walipewa namba za chini ya ishirini. Alikuwa ameliona hilo zamani, akajiambia labda ni tumbaku ya huko, labda ni baridi. Chombo kinachopatia mara tisini na nne kwa mia, wewe nani ukibishie?

"Kwa nini kumi na moja?" aliuliza.

"Ni jumla ya vigezo mia nne na kumi na viwili."

"Kizito kuliko vyote ni kipi?"

"Vigezo havitenganishwi, Daktari."

Jibu lilimkera. Shahidi aliyefundishwa cha kusema ndivyo anavyojibu.

Mzee Ambakisye aliinuka kitandani, akamwita kwa kidole. Sauti yake ilikuwa imebaki mkwaruzo tu, na hilo lilimuuma kuliko ugonjwa, maana kwa miaka arobaini alikuwa mnadi wa ng'ombe kwenye gulio la Lusungwe.

"Mwanangu, kimesemaje?"

"Bado tunazungumza nacho, baba."

"Usinifiche. Kimetaja bei ndogo." Alipumzika, akavuta pumzi. "Nikwambie kitu. Mnunuzi akitaja bei kabla hajamfunua ng'ombe mdomo aone meno, mimi namjua. Bei hiyo kaisikia kwa mwenzake."

Kabla Atuganile hajajibu, mlinzi wa getini aliita kwenye spika ya ukutani. Alisikika kama mtu asiyejua acheke au akimbie.

"Daktari, samahani. Kuna mtu hapa anasema amemsindikiza mgonjwa wako. Lango linamsoma uso na kukataa kufunguka. Linasema ni marehemu."

Marehemu alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, kikapu cha ndizi mapajani, shingoni amefunga kitambaa safi. Alipomwona daktari alisimama, akaweka kidole kwenye kitundu kilichokuwa chini ya kile kitambaa ili pumzi ipite kwenye kidude cha kusemea.

"Naitwa Lutengano, jirani yake Ambakisye," alisema, sauti ikitoka nzito na yenye mikwaruzo, lakini neno kwa neno. "Mlinipasua hapa hapa, mwaka wa tisa sasa. Saratani ilikuwa imerudi, kama yake. Leo lango linaniambia nimekufa. Ndizi hizi nimezibeba mwenyewe!"

"Baada ya kupasuliwa hukurudi kliniki?"

"Nilirudi mara mbili. Halafu nikapona."

"Sasa si ndiyo ulitakiwa uje tukuone?"

Lutengano alimtazama kwa huruma, namna mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyesoma sana.

"Daktari, kliniki ya koo ni Jumanne. Gulio letu ni Jumanne. Ukiwa mgonjwa utakuja kliniki. Ukiwa mzima, gulio utalikosaje?"

Atuganile aligeuka hapo hapo. Alirudi ndani karibu akimbie.

Aliagiza kumbukumbu za kale, zile ambazo Kitabiri kilifundishiwa. Enzi hizo daktari aliye mafunzoni ndiye aliyefunga majalada. Mgonjwa asipotokea mara tatu, jalada lilitakiwa lifungwe, na fomu haikukubali kufungwa bila kuchagua moja kati ya mawili: hai, au amefariki. Nani angethubutu kuandika hai kwa mtu ambaye hajamwona? Basi wakaandika amefariki. Hivyo bonde zima la Lusungwe likajaa makaburi ya karatasi, na kila aliyekuwa mzima kiasi cha kwenda sokoni akahesabiwa maiti.

Alikiamuru Kitabiri kipasue tena ile shingo ya nuru, safari hii jina la Lusungwe likiwa limefichwa.

"Hamsini na nane kwa mia," kilisema, kwa upole ule ule, bila haya wala samahani.

Kisha akafungua jalada la Lutengano, amjue aliyemuua kwa kalamu. Chini ya neno amefariki palikuwa na herufi mbili za mkono: A.M. Aliutambua mwandiko wake mwenyewe, akakumbuka hata haraka aliyokuwa nayo mwaka ule wa mafunzo. Kikulacho ki nguoni mwako. Aliona aibu kiasi cha kushindwa kukaa.

Profesa Mrindoko, mwenyekiti wa bodi ya upasuaji, alimsikiliza hadi mwisho, mikono juu ya meza.

"Umenitisha, lakini hujanishawishi," alisema. "Kwa miaka sita kimewakataa watu thelathini na mmoja wa Lusungwe. Tuliwafuatilia mmoja mmoja, safari hii kwa simu na kwa vyeti. Wote wamefariki. Ona mwenyewe."

Orodha ilijitandaza hewani juu ya meza. Majina thelathini na moja, na mbele ya kila jina alama ya vema ya kijani. Utabiri: atafariki. Matokeo: amefariki. Vema. Atuganile aliwafahamu wengi wao. Yeye ndiye aliyewaketisha na kuwaambia, mama, baba, chombo kimeona haifai.

"Profesa, kati ya hawa tulimpasua nani?"

"Hakuna. Si walikataliwa?"

"Saratani ya koo iliyorudi, usipoipasua, inamwacha nani? Kilisema watakufa, tukawanyima kisu, wakafa. Halafu kikajipigia vema, na kila vema ikakifanya kiwe na hakika zaidi na yule anayefuata."

Profesa alivua miwani. Alizipitia zile alama moja baada ya nyingine.

"Ukimpasua huyu mzee akafia mezani," alisema mwishoni, "watasema chombo kilijua."

"Na asipokufa?"

Profesa aliivuta fomu ya kibali cha upasuaji. Alichukua kalamu, akatia saini.

Upasuaji ulichukua saa nane. Atuganile alikata mwenyewe, na roboti-mshonaji, mwenye vidole kumi na viwili vyembamba kama sindano, aliunga mishipa ya damu ya nyama mpya iliyotolewa pajani. Ile nafasi ya unene wa kidole ilikuwapo kweli. Kisanduku cha sauti kilitoka chote, na saratani pamoja nacho. Siku ya kumi mzee aliomba ubao kwa ishara, akaandika: *Sasa ndiyo mmenifunua meno.*

Jumanne iliyofuata Atuganile hakufungua kliniki. Alipanda hadi Lusungwe na daftari la karatasi, akaingia gulioni kuwahesabu marehemu. Hadi saa saba alikuwa amewapata tisa; kati yao mmoja anauza viazi, mmoja anapima maharage, wawili wanabishana juu ya jogoo, vidole shingoni. Habari za Ambakisye zilikuwa zimemtangulia. Watu walimshika mkono, wakamtwika mahindi mabichi. Alianza kujisikia nafuu, na nafuu hiyo yenyewe akaitilia shaka.

Mama mmoja aliyekuwa akipanga nyanya mafungu mafungu alimngoja afike kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Daktari Atuganile. Mimi mke wa Syabumi. Tulikuja kwako mwaka juzi."

Jina hilo lilikuwa la kumi na tisa kwenye orodha ya Profesa.

"Mume wangu koo lake lilikuwa kama la Ambakisye," mama aliendelea, wala hakupandisha sauti. "Ulituambia haifai. Tukarudi, tukakaa tunangojea, labda mtaita tena. Sasa nakuuliza tu: huyu mbona imefaa?"

Atuganile alikuwa na maelezo tele ya vigezo, majalada na mashine. Aliyaacha yote.

"Tulikosea, mama. Na kosa la kwanza niliandika mimi, kwa mkono wangu."

Mama Syabumi aliendelea na nyanya zake. Alimaliza fungu moja, akaanza jingine, halafu akaelekeza kidole kwenye daftari.

"Humo unaandika walio hai?"

"Ndiyo, mama."

"Muandike na yeye. Usiandike alifariki, hilo mlishaliandika. Andika alikuwa anangoja."

Atuganile alichuchumaa kando ya nyanya, akaliweka daftari gotini, akaandika.